Winga, dalali, mpigadebe: anayekuvuta mkono analipwa na nani?

Mgeni kutoka Ulaya akikulalamikia kwamba Dar es Salaam imejaa "touts", yaani watu wa kudaka wateja kwa kelele, muulize kwanza aliwakutia wapi. Akisema penye boti za Zanzibar, anamzungumzia mtu mmoja. Akisema stendi ya Mbezi, huyo ni mwingine. Akisema Kariakoo, Mtaa wa Kongo, huyo ni wa tatu kabisa. Na kama alikuwa anatafuta chumba Sinza, basi kakutana na wa nne, ambaye huenda ndiye aliyeondoka na hela nyingi kuliko wenzake wote. Kiingereza kimewafunga wote kapu moja. Sisi kila mmoja tuna jina lake, ila tukishakasirika tunayasahau majina tuliyonayo, wote wanakuwa "wale matapeli wa mjini".

Si kweli kwamba wote ni matapeli, na wala kazi yao si moja. Makelele yanafanana, kushikana mikono kunafanana, hata "karibu boss, karibu dada, leo unatafuta nini" inafanana. Hesabu ndiyo hazifanani. Ukitaka kujua umesimama na nani, acha kusikiliza maneno yake, jiulize mambo mawili: mzigo anaouza ni wa nani, na hela yake yeye inatoka mfuko gani.

Hilo neno la Kiingereza, "tout", lilianza mbali na biashara. Mwanzo lilihusu kuchungulia. Baadaye wezi wakalitumia kwa mwenzao anayesimama pembeni kuangalia kama watu wanakuja. Likaingia kwenye mbio za farasi, likawa la mtu anayevizia mazoezi ili akauze siri kwa wacheza kamari: farasi gani mzima, farasi gani anachechemea. Toka kuvizia farasi hadi kuvizia wateja barabarani si safari ndefu. Leo ukilitamka Uingereza bila kuongeza kitu, wengi watafikiria tiketi: jamaa aliyenunua tiketi za mpira kwa wingi, anasimama nje ya uwanja akiuza kwa bei ya kuruka. Wamarekani huyo wanamwita "scalper". England na Wales, kuuza tiketi za mpira wa miguu bila idhini ni kosa tangu sheria yao ya mwaka 1994. Ukivuka mpaka hapa jirani, magazeti ya Kiingereza ya Nairobi yakiandika "tout" mara nyingi yanamaanisha makanga wa matatu, yaani konda wa daladala za kwao.

Kwetu, huyo wa tiketi za Simba na Yanga si winga wa madukani wala mpigadebe wa stendi. Ni mlanguzi. Katoa hela yake mfukoni, kaificha mali, anangoja iadimike. Hakuna aliyemtuma na hakuna anayemlipa kamisheni. Tiketi zikidoda, hasara ni yake peke yake. Jina hilo kwa watu wa umri fulani bado linauma, kwa sababu ya mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu uchumi enzi ambazo sabuni na sukari vilikuwa vya foleni. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Nguvukazi, na wachuuzi wa barabarani wakajikuta kundi moja na watu wasio na kazi, wakikamatwa na kupakiwa warudi vijijini. Kwa hiyo kuchanganya mlanguzi na mchuuzi si kosa la mgeni tu. Hata dola iliwahi kuwakimbiza wote kwa mpigo.

Mpigadebe hana mambo mengi. Debe ni lile bati la mafuta la lita kama ishirini, ambalo ukiligonga mtaa mzima unageuka. Siku hizi anagonga ubavu wa daladala, lakini kazi ni ileile: "Posta Posta Posta, siti mbili za mwisho!" wakati ndani wamekaa watu watano, na wawili kati yao ni wenzake waliowekwa ili gari lionekane linajaa. Anayemlipa ni konda, gari likishajaa, kwa sarafu au noti ndogo. Abiria wa daladala hamlipi kitu. Unapoteza muda wako, na pengine heshima ya begi lako lililovutwa na watu watatu kwa wakati mmoja, lakini nauli ni ileile.

Kwenye mabasi ya mikoani mambo yanabadilika. Tangu mabasi yahamie Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, mwaka 2021, abiria anayeshuka kwenye bodaboda akiwa na mizigo anaweza kupokewa na kijana atakayembebea begi hadi ofisi ya tiketi, amtajie nauli yeye, apokee hela yeye, amkatie tiketi yeye. Hapo mpigadebe kashavuka mpaka. Kati ya nauli aliyoitaja na nauli ya kampuni kuna nafasi, na nafasi hiyo inajazwa na hela yako. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hupanga ukomo wa nauli, na tiketi ina bei juu yake. Isome kabla hujapanda. Wanaokata tiketi kwa simu wakiwa nyumbani wameshamkwepa bila hata kugombana naye.

Kitu kimoja hunifurahisha hapa. Kwa Kiingereza neno lilelile "tout" ni kitenzi pia, na maana yake ni kusifia mtu au kitu ili kikubalike. Nasi tunasema mgombea fulani anapigiwa debe. Mwenye jina anadharauliwa stendi, kazi yake inaheshimiwa jukwaani. Siku hizi wa jukwaani kapewa jina baya zaidi, chawa, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Machinga anaonewa zaidi katika kuchanganywa huku, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara kamili. Mzigo ni wake. Kanunua, kabeba, kapanga chini au kavaa begani, na jioni kilichobaki ni chake. Jina linatokana na Wamachinga wa upande wa Lindi, ambako vijana wengi wa kwanza wa biashara hii walitokea. Ile hadithi kwamba ni maneno ya Kiingereza yaliyounganishwa ni tamu kusimulia, basi. Serikali nayo imemtambua kwa njia zake: Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao kwa mwaka hayafiki milioni 4. Oktoba 2021 vibanda vikaondolewa kando ya barabara jijini, wenyewe wakaelekezwa maeneo yaliyotengwa. Hata Waingereza, ambao tumewakopa neno hapo juu, kisheria wanamtenga muuzaji wa kutembea kwa miguu: sheria yao ya mwaka 1871 inampa cheti kutoka polisi, na hawamwiti "tout".

Machinga akikupigia kelele, anapigania mtaji wake. Akikwambia bei, ana mamlaka ya kuishusha hapohapo bila kumuuliza mtu. Hiyo ni alama nzuri ya kumtambua.

Ila Kariakoo haikubali mipaka iwe myepesi hivyo. Kuna utaratibu unaitwa mali kauli: mwenye duka anampa kijana mzigo asubuhi bila hela, kwa neno tu, jioni kijana analeta hesabu. Kisichouzwa kinarudi. Sasa huyo aliyesimama mbele ya duka na mashati kumi begani ni machinga, au ni mkono wa duka uliotokeza nje? Wafanyabiashara wenyewe wamekuwa wakinung'unikiana kuhusu hili miaka mingi, kwamba wapo wenye maduka wanaotoa mzigo wao kupitia kwa machinga ili mauzo yasipite kwenye mashine ya risiti. Kijana hawezi kukutolea risiti, duka halijauza kitu, na shati umeshalivaa.

Sasa tuje kwa winga, maana huyu ndiye anayewachanganya watu kuliko wote.

Jina limetoka uwanjani: anakimbia pembeni, anapiga krosi, mwingine anafunga. Winga hana duka na hana mzigo. Mara nyingi hana hata mtaji wa kulipia mzigo wa mali kauli ukipotea. Ana miguu, ana maneno, na anajua nani anauza nini ghorofa ya ngapi. Hilo la mwisho si dogo. Kariakoo ya leo imepanda juu. Nyumba za chini za zamani zimegeuka maghorofa, na maduka yapo hadi ghorofa ya tatu, ya nne, mengine yapo chini ya ardhi, kwenye korido ambazo mtu mgeni akiingia hajui atatokea mtaa gani. Mwenye fremu ya mbele, inayotazama barabara, kalipa kodi kubwa na kabla ya hapo pengine kalipa kilemba cha kumng'oa aliyekuwepo. Mwenye fremu ya juu kalipa kidogo, lakini mteja wa kupita hampati. Mteja wake anapandishwa ngazi na winga.

Tazama inavyokwenda. Mama kashuka Msimbazi, anataka magauni ya watoto ya sikukuu. Hajamaliza kuvuka, kijana yuko ubavuni mwake: "Mama yangu, karibu, nguo za watoto? Twende dukani kwetu, bei ya jumla." Hilo "kwetu" ndilo neno la kazi. Wanapanda ngazi. Dukani hakuna gauni hata moja lenye bei. Hawajasahau kubandika; bei ikibandikwa, winga hana kazi. Kijana anamwambia muuzaji, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mteja wangu huyu." Kwa maneno hayo matatu muuzaji kaelewa kila kitu: bei haitaji yeye. Mama anauliza gauni shilingi ngapi, muuzaji anashika kalkuleta, anabonyeza, anamgeuzia winga aone, siyo mama. Winga anatazama, anasema, "Elfu ishirini na tano, mama, kwa sababu umekuja na mimi."

Tuseme kwenye kalkuleta kulikuwa na 18,000. Mama anakomaa, anashusha hadi 23,000, anatoka amefurahi. Duka linachukua 18,000 yake, 5,000 ni ya winga. Hiyo ndiyo cha juu. Anaweza kupewa palepale mama akishageuka, au ikaandikwa kwenye daftari akapita jioni kuchukua hesabu zake zote kwa pamoja. Duka halikupoteza hata shilingi. Aliyemlipa winga ni mama, na hajui.

Mtu akiishia hapo atasema huu ni wizi. Mimi sisemi hivyo, angalau si mara zote. Huyo mama angetafuta mwenyewe, huenda angenunua gauni lilelile mbele ya barabara kwa 25,000, maana mwenye fremu ya mbele naye ana kodi ya kurudisha. Mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi au Lilongwe, ana siku chache na orodha ya vitu, akizunguka peke yake atamaliza muda kwenye korido. Winga anayejua machimbo, yaani wapi kitu gani kinapatikana kwa bei nzuri, atampitisha kwenye maduka yote, atasimamia mzigo unavyofungwa, atamtafutia mkokoteni wa kuufikisha kwenye gari. Hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Tatizo langu liko sehemu moja tu: bei ya kazi hiyo inafichwa ndani ya bei ya gauni, halafu mwenye kulipa anaambiwa kapunguziwa.

Wenye maduka nao hawana msimamo mmoja. Wapo wanaowapenda mawinga kwa sababu bila wao ghorofa ya tatu ni makaburi. Wapo wanaobandika karatasi mlangoni, "Hatuna winga, bei ni hapa dukani." Ukiona karatasi hiyo, inamaanisha mwenye duka kachoka kusingiziwa bei ambazo hakuzitaja. Maana mteja akirudi nyumbani akagundua jirani kanunua gauni lile kwa 18,000, hamkumbuki winga. Anakumbuka duka.

Linapokuja suala la simu au vifaa vya umeme, cha juu kinakuwa jambo dogo. La kuangalia ni nani utamrudia. Gauni likichanika umechanika nalo, lakini simu ina dhamana, na dhamana ni ya duka lililokutolea risiti. Winga akipokea hela mkononi, akaingia ndani peke yake akatoka na boksi, wewe na duka hamjuani. Ukirudi wiki ijayo na simu imezima, muuzaji atakutazama kama mtu aliyepotea njia, na kwa upande wake hatakuwa amesema uongo. Risiti inaleta ubishi mwingine: ikitolewa ya kweli, inaandika bei ya duka, na cha juu kinaonekana kwa wino. Ndiyo maana winga wa simu ana haraka sana mkifika kwenye mashine ya risiti. Sheria inamtaka muuzaji atoe na mnunuzi adai, kwa hiyo kuidai si kumkosea mtu adabu. Na kabla hujatoa hela, bonyeza *#06# usome namba ya utambulisho wa simu (IMEI), uilinganishe na ya boksi. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, hakuna sababu ya mtu kununua simu kwa kuangalia rangi.

Swali la kisheria hapa ni tamu kuliko watu wanavyodhani: winga ni wakala wa nani? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kwa sehemu kubwa ina asili yake kwenye sheria ya India ya mwaka 1872, ina sehemu nzima ya uwakala. Wazo kuu ni kwamba wakala ana mtu mmoja anayemtumikia, na akijitengenezea faida ya siri kwenye kazi aliyotumwa, aliyemtuma anaweza kuidai. Sasa mpime winga. Aliyekudaka barabarani hukumtuma. Kama yupo aliyemtuma, ni duka, na duka linajua kuhusu cha juu na limekubali, kwa hiyo hakuna siri kati yao. Wewe ni mnunuzi aliyekubali bei. Umepigwa, pengine, lakini hukusalitiwa.

Badilisha kitu kimoja tu. Uko Songea, unampigia simu kijana unayemfahamu Kariakoo: "Mdogo wangu, nitafutie friji, nakutumia hela." Hapo umemtuma. Akikwambia friji ni 750,000 wakati kanunua 680,000, na mmeshakubaliana hela yake ya usumbufu pembeni, hiyo sabini ni faida aliyoificha kwa mtu anayemtumikia. Ni kijana yuleyule, duka lilelile, mtaa uleule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mwenye kazi ni wewe. Watu wengi hawaioni tofauti hii, wala mawinga wengi hawaioni, ndiyo maana ugomvi wa ndugu waliotumiana hela ni mchungu kuliko wa mteja wa barabarani.

Dalali yeye ana ukoo mkongwe. Neno ni la Kiarabu na limekaa pwani vizazi na vizazi, na ukitaka kumwona katika hali yake safi nenda soko la samaki la Feri alfajiri. Samaki wanamwagwa kwa mafungu, dalali anasimama katikati, anataja bei, wachuuzi na mama lishe wanaipandisha, anaangalia macho na vidole, anauza. Mzigo ni wa mvuvi, bei imesikika na kila mtu, na dalali anakatiwa chake kwenye mauzo. Hakuna kalkuleta ya kugeuziwa mtu. Kelele ni nyingi kuliko Kariakoo, lakini hakuna kilichofichwa ndani ya kelele hizo. Huyu ukimwita "tout" utakuwa umemtukana bure. Ndugu yake wa karatasi, dalali wa mahakama, anauza mali zilizokamatwa kwa amri ya korti, na mnada wake anautangaza gazetini.

Dalali wa nyumba anatumia jina lilelile, lakini mambo yake yana ukungu zaidi. Kwa kawaida ya mjini, mpangaji ndiye anayemlipa, na kiwango kilichozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja. Juu ya hapo kuna hela ya kuoneshwa, inayotolewa hata kama chumba kina panya na choo cha kugombania na nyumba ya pili. Mwenye nyumba kalipa nini? Mara nyingi hakuna. Na bado ukianza kubishana kodi, dalali anaegemea upande wa mwenye nyumba, kwa sababu mwenye nyumba ana vyumba vingine kesho, wewe ukishaingia humhitaji tena. Kodi ikipanda, na hela yake ya mwezi mmoja inapanda. Unalipa mtu ambaye maslahi yake yako upande wa pili wa meza. Hili linanishangaza kila mara, kwamba tunalalamika juu ya elfu tano ya winga halafu hili tunalilipa kimya kimya.

Halafu madalali wanafanya kazi kwa mnyororo. Anayejua nyumba ni wa Kijitonyama, uliyempigia wewe yuko Mwenge, katikati kuna mwingine aliyeunganisha. Nyumba moja inaweza kukaa kwenye kurasa tano za Instagram kwa kodi tofauti. Hela yako ya mwezi mmoja inagawanywa, na kila aliyeguswa na mnyororo anataka kitu, ndiyo maana siku ya kuoneshwa wanakuja watu watatu kufungua mlango mmoja. Mwaka 2025 serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, udalali wa biashara na wa nyumba ulikuwemo. Kwa hiyo kazi hii sasa ni ya wenye nchi kisheria, ila amri hiyo haikugusa swali la nani amlipe.

Wamebaki wa boti, wale wanaomsubiri mgeni bandarini na tiketi za Zanzibar mkononi au mdomoni. Ng'ambo ya pili, Unguja, wenyeji waliwapa jina zamani: papasi, wale wadudu wa kunyonya damu. Ni jina kali, na vijana wengi wa utalii wanalikasirikia kwa haki, kwa sababu kuna anayekutembeza Mji Mkongwe vizuri kuliko yeyote mwenye kitambulisho. Hesabu yake ni kama ya winga: hoteli au kampuni inampa kamisheni, na mgeni anaibeba ndani ya bei. Tofauti ni kwamba mgeni hana jirani wa kulinganisha naye.

Mwisho kuna kishoka, na huyu msimchanganye na mtu yeyote katika hao niliowataja. Kishoka hakutumwa na duka, hana mzigo, hana mvuvi nyuma yake. Anasema anaweza kukuunganishia umeme haraka, kukupatia kiwanja, kukutolea mzigo bandarini, na hakuna upande wowote unaomjua. Winga ukimkosa leo utamkuta kesho mtaa uleule, kwa sababu anaishi kwa kujulikana. Kishoka anaishi kwa kutojulikana.

Mtandaoni hawa wawili wanafanana sana, na hapo ndipo watu wa mikoani wanapolia. Winga wa WhatsApp anapita dukani asubuhi, anapiga picha, anaweka kwenye status na cha juu chake ndani, anapokea oda, ananunua, anapeleka mzigo kwenye basi. Kwa mtu wa Masasi hiyo ni nafuu. Nauli ya kuja Dar na kulala gesti ingekula faida yote. Kishoka anachukua picha zilezile kutoka status ya winga na anaweka namba yake. Picha hazitakusaidia kuwatofautisha. Mwambie akupigie video akiwa dukani, amtazamishe muuzaji, ashike kitu unachotaka na kukigeuza. Winga wa kweli atalalamika bando lake linaisha, atakupigia. Hela itumwe kwa namba ya malipo ya duka, siyo yake, na chake umpe baada ya kukutumia picha ya karatasi ya mzigo kutoka ofisi ya basi. Akikataa ujuane na duka kwa sababu "utaniruka", hofu yake ina ukweli ndani, maana wateja wengi wanafanya hivyohivyo: wakishaijua namba ya duka, oda ya pili wanaipiga moja kwa moja. Ndiyo sababu baadhi ya mawinga sasa wanataja bei mbili wazi, ya duka na yao, na wanasema wateja wa namna hiyo ndio wanaorudi.